Jirani wa Saa za Mwisho

Katika kambi za jeshi na za polisi, kifo kina taratibu zake ambazo kila mtu anazijua. Askari akifa kazini, jeneza hufunikwa bendera, kikosi hupangwa, baragumu hupigwa, na ofisa mmoja hutumwa kumsindikiza marehemu mpaka kijijini kwao. Wake wa askari nao wanajua wajibu wao: nani atachota maji, nani atakaa na watoto, nani atapita nyumba kwa nyumba na daftari la rambirambi. Yote hayo hufanyika upesi na kwa nidhamu. Lakini kipo kifo kingine ambacho hakina gwaride. Ni kile kijacho polepole, chumbani, wiki kadhaa au miezi kadhaa baada ya daktari kutamka kwamba dawa ya kuponya haipo tena. Kwa kifo cha namna hiyo kambi haina utaratibu, na aghalabu nyumba yenye mgonjwa huachwa peke yake pasipo mtu yeyote kukusudia kuiacha.

Yafaa kuitazama nyumba moja ya namna hiyo, kwa maana ziko nyingi zinazofanana nayo. Baba ni koplo, naye yuko Somalia, nchi ambayo askari wa Uganda wamekuwa wakitumikia tangu Machi 2007. Mkewe ana saratani ya shingo ya kizazi, saratani inayowaua wanawake wa Uganda kuliko nyingine zote. Amekwenda Mulago, katika Taasisi ya Saratani iliyoanzishwa mwaka 1967. Akatibiwa, akarudi, akaenda tena, kisha akarudishwa nyumbani na karatasi pamoja na maneno ya upole. Kwao ni Arua, na kambi iko upande wa Mbarara. Mama yake mzazi ni mzee, hawezi safari ndefu kiasi hicho. Watoto ni watatu, na mkubwa wao, msichana wa miaka 12, amekwisha kuacha shule ili amgeuze mama yake kitandani.

Majirani walikuja siku za kwanza wakiwa na uji na machungwa. Walisimama mlangoni wakasema, “Dada, pole, utapona tu, Mungu yupo.” Mgonjwa akaitikia, “Amina.” Wiki ya tatu wakapungua. Wiki ya sita hakuna aliyekuja isipokuwa mmoja aliyeleta barua ya shule. Hakuna aliyemchukia mgonjwa huyo. Walikuwa wamemaliza maneno yao, maana maneno waliyokuwa nayo yote yalikuwa ya kumwambia mtu atakayepona.

Ni kosa kudhani kwamba jambo hili limetokana na kukosa utu. Wananchi wa Uganda wamejua kubebana tangu zamani. Katika milima ya Kigezi na vilima vya Ankole kipo chama kiitwacho engozi, yaani chama cha machela. Kila kaya ya kilima hicho ni mwanachama. Mtu akiugua, wanaume humlaza katika machela iliyosukwa, wakaibeba mabegani kwa zamu, wakashuka bondeni na kupanda upande wa pili mpaka kwenye barabara au zahanati. Asiyefika kubeba hutozwa faini. Mtu akifa, chama hicho hicho huchimba kaburi na kulisha waombolezaji. Katika Buganda viko vyama vya munno mukabi, maana yake rafiki wa wakati wa shida, na ipo desturi ya mabugo, ambayo asili yake ilikuwa kumpelekea mfiwa nguo za gome la mti za kumzikia marehemu, na sasa ni fedha. Vyama hivyo vingi vimekuwa pia vya kuweka na kukopa, na magari yamechukua kazi ya mabega mahali pengi, lakini roho yake haijafa.

Hata hivyo, mtu akiichunguza engozi kwa makini ataona pengo. Chama humpeleka mgonjwa hospitali, na baadaye humpeleka marehemu kaburini. Kati ya safari hizo mbili ziko siku nyingi ambazo hakuna wa kubebwa kwenda popote. Mgonjwa amelala, anaumwa, anaogopa, na anajua. Huko nyuma siku hizo zilijazwa na ukoo: mashangazi, mawifi, nyanya. Kambini ukoo haupo. Mlango wa kushoto ni Mteso, wa kulia ni Mkiga, wa mbele ni Mlugbara, na Kiswahili ndicho lugha ya pekee inayowaunganisha kisimani. Basi pengo hilo lazima lizibwe na mtu asiye wa damu, ambaye amekubali kwa hiari yake kuja na kukaa.

Kazi hiyo ya kukaa na wanaokufa ilipata sura yake ya kisasa Uingereza. Mwaka 1948 mwanamke mmoja mfanyakazi wa ustawi wa jamii, Cicely Saunders, alikuwa akimtembelea hospitalini London kijana wa Kiyahudi aliyetoka Warsaw, David Tasma. Kijana huyo hakuwa na ndugu mjini humo, na alikuwa akifa kwa saratani. Walizungumza siku nyingi juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufa vema zaidi kuliko katika wodi yenye haraka. Alipofariki alimwachia pauni 500 zilizokuwa mali yake. Saunders, ambaye hapo kwanza alikuwa muuguzi, akasoma udaktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's. Fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba maumivu ya anayekufa hayako mwilini peke yake. Yako pia katika deni lisilolipwa, katika ugomvi na ndugu, katika hofu ya watoto watabaki na nani. Sindano haiyafikii hayo.

Afrika ilianza na Zimbabwe mwaka 1979, na Nairobi ikafuata mwaka 1990. Uganda yenyewe ilikuwa imefundishwa na msiba wake. Mwaka 1987, ukimwi ulipokuwa ukiogopwa hata kutajwa, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe mwezi Januari mwaka huo huo, aliwakusanya watu wachache wakaanzisha TASO. Wengi wa waanzilishi walikuwa wenyewe na virusi. Dawa za kurefusha maisha hazikuwapo wakati huo; walichokuwa nacho ni kutembeleana, kusikilizana na kutokuogopa kumshika mtu mkono. Kisha mwaka 1993 Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekwisha kufanya kazi Nigeria, Singapore na Nairobi, akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala akiwa na watumishi wachache na fedha chache zaidi. Baadaye kazi ikafika Mbarara na Hoima. Daktari huyo alifariki mwaka 2025, akiwa na miaka 90, naye alibaki Kampala mpaka mwisho.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hospisi hiyo haikujengwa kwa vitanda. Wauguzi huenda nyumbani kwa mgonjwa. Na kwa kuwa muuguzi mmoja hawezi kufika kila kijiji kila siku, walifundishwa wajitoleaji wa vijijini, watu wa kawaida wenye moyo na wenye kuaminika, ambao humtambua mgonjwa, humtembelea kati ya ziara moja ya muuguzi na nyingine, na kupeleka habari hali inapobadilika. Hapo ndipo jirani wa koplo anapoingia.

Jirani huyo afanye nini? Kwanza aingie ndani na kuketi. Mambo mengi huharibika mlangoni. Aliyesimama mlangoni amekwisha kumwambia mgonjwa kwamba ana haraka. Aketi mahali ambapo macho yake na ya mgonjwa yako sawa, asiulize maswali mengi, na asijaze kila kimya kwa maneno. Dakika 20 za kukaa kimya na mkono umeshikwa zina thamani kuliko saa nzima ya hadithi za watu wengine waliougua wakapona. Aseme ukweli mdogo alio nao: “Dada, nimekuja kukaa nawe. Siku ya Alhamisi nitakuja tena.” Kisha siku ya Alhamisi aje. Mgonjwa wa namna hii huhesabu siku, na ahadi iliyovunjwa humuumiza kuliko ahadi isiyotolewa.

Zipo kazi za mikono, na hizi huondoa haya. Kinywa cha mgonjwa hukauka; kisafishwe kwa kitambaa laini na maji safi yenye chumvi kidogo, na midomo ipakwe mafuta. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, na mahali pa mifupa pakaguliwe, yaani nyonga, kiunoni nyuma na visigino, maana vidonda huanza hapo kama wekundu au weusi kidogo tu. Shuka lisiwe na mikunjo. Saratani ya kizazi na ya titi huweza kutoa harufu, na harufu hiyo ndiyo inayowafukuza wageni na kumfanya mgonjwa ajifunike uso. Iko dawa yake: muuguzi akiagiza, vidonge vya metronidazoli husagwa na unga wake kunyunyizwa juu ya kidonda kilichooshwa, na harufu hupungua sana kwa siku chache. Watu wengi wamekufa katika upweke kwa kukosa habari hiyo ndogo.

Kisha kuna maumivu, na hapa askari ndio wagumu kuliko wote. Sajini mstaafu mwenye saratani ya tezi dume iliyoingia mifupani atauma meno mpaka jasho limtoke, maana amefundishwa tangu depo kwamba kulia ni aibu. Akiletewa mofini atasema hiyo ni dawa ya kulevya, au ni dawa ya kumalizia mtu. Yote mawili si kweli. Mofini ya maji itolewayo Uganda, bure kwa mgonjwa, hunywewa kwa kipimo, kwa kawaida kila baada ya saa nne, na kipimo huongezwa hatua kwa hatua kulingana na maumivu. Hutiwa rangi ili mtu asikosee: ya kijani ndiyo hafifu, ya waridi ina nguvu zaidi, na ya buluu ina nguvu kuliko zote. Siku za kwanza mgonjwa huweza kusinzia, kisha usingizi huo hupungua. Choo hufunga, na kwa hiyo dawa ya kulainisha choo hutolewa pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda imewaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe, na nchi nyingi tajiri hazikuwa zimefika hapo. Mjitoleaji hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza hata tone. Kazi yake ni kuona kwamba saa haijapitwa, kwamba chupa imewekwa mbali na watoto, na kwamba baba yule aliyezoea kuvumilia haikatai dawa kwa kujionyesha mbele ya mwanawe.

Swali gumu kuliko yote huja usiku, wageni wakiwa wamekwenda. Mgonjwa huuliza, “Dada, hivi mimi nitapona?” Wengi hukimbilia uongo wa huruma. Uongo huo una gharama. Mama asiyeambiwa hataitisha simu ya mumewe ili wamalizane maneno yao. Hatasema shamba la Arua liko kwa jina la nani. Hatamwambia binti yake kitu cha kukumbuka. Wala haifai jirani kutamka hukumu, maana hajui siku wala saa. Waliozoea kazi hii hurudisha swali kwa upole: “Wewe mwenyewe unaonaje?” Mara nyingi mgonjwa amekwisha kujua kwa muda mrefu, naye alikuwa akiwalinda wengine. Akishasema, hulia, akishalia, huanza kupanga. Kwa mke wa koplo kupanga huko kunaweza kuwa ombi moja tu, kwamba jirani aende kwa kamanda wa kambi kuomba mume apewe ruhusa mapema. Ombi la namna hiyo likiletwa na mgonjwa mwenye homa husahaulika mezani. Likiletwa na jirani aliyevaa vizuri na kushika karatasi ya daktari, husomwa.

Kambi ina kuta nyembamba, na hili halina budi kusemwa waziwazi. Yale yanayosikika kando ya kitanda cha mgonjwa yasifike kisimani. Jirani anayetoka na habari za mwenzake, hata kama ameosha vidonda kwa mikono yake, amefanya hasara kuliko faida, na nyumba inayofuata haitamfungulia mlango. Hali kadhalika dini. Mwislamu akiuguza Mkristo, au Mlokole akiuguza Mwislamu, amletee mgonjwa kiongozi wa dini ya mgonjwa, si wa dini yake mwenyewe. Mtu aliye dhaifu hana nguvu za kubishana, na kumgeuza kwa wakati huo ni kumnyang'anya.

Saa za mwisho zina dalili zake, nazo hazitishi sana kwa aliyeelezwa mapema. Mikono na miguu hupoa. Pumzi huja kwa vipindi, ikasimama, ikarudi. Kooni husikika mkwaruzo wa mate, ambao huwasumbua wasikilizaji kuliko mgonjwa mwenyewe, na kumlaza ubavu husaidia. Chakula hakitakiwi tena. Wengi humlazimisha mgonjwa uji kwa kijiko wakidhani wasipofanya hivyo wamemwua kwa njaa, kumbe mwili umekwisha kufunga jiko, na uji huo huweza kumpalia. Kulowesha midomo kwatosha. Na watu wazungumze naye, wala wasizungumze juu yake kama kwamba hayupo, maana inaaminika kwamba kusikia hudumu hata macho yakiwa yamefumba. Koplo aliyeko Mogadishu anaweza kuwekewa simu sikioni mwa mkewe. Asiwe na hofu kwamba hajibiwi.

Baada ya maziko kambi hurudia kazi zake, na hapo ndipo uchovu wa kweli humwingia mfiwa. Siku za matanga nyumba ilijaa, masufuria yalichemka, hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Wiki ya pili hakuna mtu. Wako wasemao kwamba msiba wa wengi ni harusi, nao wana haki kidogo, lakini harusi hiyo huisha na waalikwa huenda zao. Mjitoleaji aliyekaa na mgonjwa ndiye mtu afaaye kuliko wote kurudi wakati huo, maana anazijua siku za mwisho na anaweza kuulizwa: alisema nini, aliniita, aliumia? Mume aliyefika siku moja baada ya mkewe kufa atauliza maswali hayo mara nyingi, kwa maneno yale yale, naye ajibiwe kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Akilia, aachwe alie. Maofisa na masajini wanaowaambia vijana wao kwamba mwanamume halii hawawasaidii. Huzuni iliyofungiwa hutokea baadaye katika pombe na katika vipigo nyumbani, na kambi inayajua hayo.

Watoto wasidanganywe kwamba mama amesafiri. Mtoto aliyeambiwa amesafiri humngoja, na humkasirikia kwa kutorudi. Aambiwe mama amekufa, amezikwa mahali fulani, na ugonjwa wake haukuletwa na utundu wa mtoto yeyote. Yule msichana wa miaka 12 arudishwe shule wiki hiyo hiyo ikiwezekana, maana alikwisha kuwa mtu mzima kabla ya wakati wake.

Pale aliyekufa akiwa ni mume, liko jambo la haraka zaidi ya machozi. Mjane wa askari hukabiliwa na mawili kwa pamoja: nyumba ya serikali atakayotakiwa kuihama, na mashemeji wanaokuja kijijini kuhesabu ng'ombe. Sheria ya urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 humpa mjane au mgane asilimia 20 ya mali ya aliyekufa bila wosia, na watoto asilimia 75, nayo inalinda haki ya mjane ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa. Jirani si wakili. Lakini anaweza kumsindikiza mjane kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua, kisha kwenye ofisi ya uandikishaji wa vifo, kisha kwenye ofisi ya malipo ya kikosi, na kukaa naye katika mabenchi ya ofisi hizo, ambako mwanamke aliyefiwa akienda peke yake huambiwa arudi kesho. Wake wa askari wanaojua njia hizo wawaonyeshe wenzao kabla msiba haujafika, na kila askari ahakikishe kwamba majina ya warithi wake katika karatasi za kikosi ni ya watu walio hai na anaowataka.

Kuanzisha jambo hili kambini hakuhitaji jengo wala bajeti kubwa. Wanawake au wanaume sita wenye kutunza siri wanatosha kwa kambi ya kiasi. Wamwendee mganga mkuu wa kituo cha afya cha kambi, naye awaunganishe na wauguzi wa tiba ya kutuliza maumivu walio katika hospitali ya wilaya, au na hospisi zenyewe zilizoko Makindye, Mbarara na Hoima, ili wafundishwe kabla ya kugusa mgonjwa. Wagawane zamu, mtu asichukue zaidi ya mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Na mgonjwa akifa, aliyekuwa naye apumzishwe mwezi mmoja au miwili kabla ya kupewa mwingine, hata akisema hajachoka. Katika siku hizo wenzake wamtembelee yeye, wakae, na wamwache aeleze habari za marehemu kwa kadiri atakavyo, ndani ya kundi lao na si nje.